Njia Tano za Kutuliza Moyo Wakati wa Msongo: Tujifunze kwa Mtakatifu Tomaso wa Akwino



Somo letu la leo linahusu jambo linalowagusa wengi: namna ya kutuliza moyo pale maisha yanapobana. Ada ya shule inadaiwa na mshahara umeshakwisha. Mama amelazwa na majibu ya vipimo hayajatoka. Mtihani ni kesho na kichwa hakipokei kitu. Nyakati kama hizo moyo huenda mbio, tumbo hukaza, usingizi hukimbia, na swali dogo la mtoto hutufanya tufoke.

Waamini wengi wakifika hapo huongezewa mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza, nao ni aibu. Mtu amesali Rozari, ameshiriki Misa, amemkabidhi Mungu shida yake, lakini mikono bado inatetemeka. Anajiuliza, "Je, imani yangu ni haba?" Pengine hata jirani anamwambia kwamba mwenye imani hana wasiwasi. Basi anaamua kuficha hali yake, na hali hiyo inazidi kukua gizani. Wahenga walisema: mficha maradhi, kilio humuumbua.

Lengo la somo hili ni kuonesha kwamba kujituliza kwa njia rahisi za kibinadamu, kama vile kulala, kuoga, kulia na kuzungumza na rafiki, si dalili ya imani haba. Mwalimu mkubwa wa Kanisa alizifundisha njia hizo waziwazi tangu karne ya 13.

1. Mwalimu wetu na swali lake

Mtakatifu Tomaso wa Akwino alikuwa mtawa wa Shirika la Wahubiri, yaani Wadominikani. Alifariki tarehe 7 Machi 1274, na mwaka 1567 Papa Pius V alimtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa. Katika kitabu chake kikubwa, Summa Theologiae, sehemu ya kwanza ya kitabu cha pili, swali la 38, anauliza: huzuni hutulizwa na nini? Anataja mambo matano: furaha, machozi, huruma ya marafiki, kuutafakari ukweli, na mwisho usingizi pamoja na kuoga.

Tomaso hutofautisha huzuni na hofu. Huzuni inatokana na ubaya uliopo tayari. Hofu inatokana na ubaya unaotarajiwa. Tunachokiita leo msongo wa mawazo mara nyingi ni mchanganyiko wa yote mawili: deni lililopo leo na hofu ya yatakayotokea kesho. Ndiyo maana dawa zake zinatufaa.

2. Kwa nini mwili unatetemeka wakati roho inasali?

Mungu hakutuumba roho iliyofungiwa ndani ya mwili kama maji ndani ya chupa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 365, inafundisha kwamba roho na mwili ni umoja wa ndani kabisa. Kinachougusa mmoja kinaugusa na mwingine.

Ubongo ukihisi hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini na kortisoli katika damu. Mapigo ya moyo huongezeka, pumzi huwa fupi, misuli hukaza, na uyeyushaji wa chakula hupungua. Mwili unajiandaa kupigana au kukimbia. Kwa mtu aliyekutana na nyoka njiani, huo ni msaada mkubwa. Shida ni kwamba mwili unafanya hivyohivyo mbele ya barua ya deni, na barua ya deni haikimbiwi.

Kwa hiyo mtetemo wa mikono si dhambi. Katekisimu, namba 1767, inafundisha kwamba hisia zenyewe si njema wala si mbaya kimaadili. Wema au ubaya hutegemea akili na utashi wetu vinavyoziongoza. Tumtazame Bwana wetu kule Getsemani: Maandiko yanasema wazi kwamba alishikwa na fadhaa na huzuni nzito (Mk 14:33-34), na jasho lake likawa kama matone ya damu (Lk 22:44). Je, nani atathubutu kusema kwamba Yesu alikosa imani?

3. Usingizi, maji na pumzi

Tomaso anaiweka dawa hii mwishoni, lakini sisi tutaanza nayo, kwa sababu mtu aliyezidiwa hawezi kutafakari vizuri kabla mwili wake haujatulia kidogo. Hata Mungu alianza hapo alipomsaidia nabii Eliya. Eliya alikuwa akimkimbia malkia Yezebeli. Alikaa chini ya mti wa mretemu jangwani akaomba afe (1 Fal 19:4-8). Mungu hakumkemea, wala hakumtolea hotuba. Eliya alilala, malaika akamwamsha, akampa mkate na maji. Akalala tena, akaamshwa tena, akala tena. Ndipo akapata nguvu za kutembea siku arobaini hadi Horebu, na huko ndiko alikoongea na Mungu. Mazungumzo yalikuja baada ya usingizi na chakula.

Tomaso anatoa sababu: huzuni inapingana na mwenendo wa uhai ndani ya mwili, hivyo kila kinachourudisha mwili katika hali yake nzuri kinapunguza huzuni. Basi tufanye nini?

*Pumzi.* Kaa wima, vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi nne, kisha itoe polepole ukihesabu hadi sita. Hesabu iende kama sekunde za saa, upumue mara sita hivi kwa dakika. Fanya kwa dakika tano. Kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuivuta kunasaidia mapigo ya moyo yapungue kasi. Ukisikia kizunguzungu, acha na upumue kawaida.

Inafurahisha kwamba kasi hiyo inafanana na ile ya Rozari inayosaliwa bila haraka. Mwaka 2001 jarida la kitabibu la Uingereza, British Medical Journal, lilichapisha utafiti wa Luciano Bernardi na wenzake waliowapima watu wazima 23. Waliposali Salamu Maria kwa Kilatini, pumzi zao zilishuka hadi kukaribia sita kwa dakika, na mwenendo wa moyo ukawa mzuri zaidi. Rozari si zoezi la kupumua. Ni sala ya kutafakari mafumbo ya Kristo pamoja na Mama yake. Lakini aliyetuumba na mapafu hakukosea kutufundisha kusali kwa midomo. Kwa hiyo usiikimbize Rozari kama mtu anayewahi basi. Sema nusu ya kwanza ya Salamu Maria kwa pumzi moja, vuta hewa, kisha sema nusu ya pili.

*Misuli.* Kunja ngumi kwa nguvu kwa sekunde tano, kisha ziachie taratibu. Fanya hivyo kwa mabega, halafu kwa uso, halafu kwa miguu. Mwili ukiisikia tofauti kati ya kukaza na kulegea, unajifunza kulegea.

*Maji.* Ndoo moja ya maji ya uvuguvugu jioni inatosha. Kama hata hilo haliwezekani, nawa uso au weka miguu katika beseni kwa dakika kumi.

*Usingizi.* Mtu mzima anahitaji walau saa saba. Acha chai ya majani na kahawa tangu alasiri, kwa maana kafeini hukaa mwilini kwa saa nyingi. Weka simu mbali na kitanda. Mawazo yakikujia, yaandike kwenye karatasi uyaache huko hadi asubuhi.

4. Machozi

Wapo wanaofundishwa tangu utotoni kwamba mwanaume halii, na wapo wanaodhani kwamba Mkristo anayelia msibani anaukana ufufuko. Tomaso anafundisha kinyume. Anasema kinachoumiza kikifungiwa ndani kinaumiza zaidi, kwa sababu nafsi yote inakielekea. Kikitoka nje kwa machozi, kilio au maneno, nafsi inapata nafasi ya kupumua.

Mtakatifu Augustino ni shahidi. Mama yake, Mtakatifu Monika, alifariki huko Ostia mwaka 387. Katika kitabu cha tisa cha Maungamo anasimulia jinsi alivyojizuia kulia siku ya maziko, akiona haya. Alikwenda kuoga akitumaini kutulia, lakini anakiri kwamba uchungu haukutoka. Akalala, na alipoamka akaona umepungua. Kisha, akiwa peke yake kitandani, aliyaachia machozi yake mbele ya Mungu. Tuzingatie hapa: dawa moja ilishindwa, nyingine ikasaidia, na ya tatu ikakamilisha. Nawe usikate tamaa njia moja isipokufaa.

Naye Bwana wetu, akijua kabisa kwamba atamfufua Lazaro, alilia (Yn 11:35). Kama huwezi kulia mbele ya watu, tafuta chumba, shamba, au kanisa tupu mchana. Kama machozi hayaji, mwandikie Mungu barua usiyomficha kitu. Zaburi nyingi ni maombolezo ya namna hiyo.

5. Huruma ya rafiki

Tomaso anatoa sababu mbili za rafiki kututuliza. Ya kwanza, huzuni ni kama mzigo, na rafiki anapohuzunika nasi tunaona kama ameushika upande mmoja. Ya pili, ambayo anasema ndiyo bora zaidi, ni kwamba tunapomwona akihuzunika tunatambua kuwa tunapendwa, na kupendwa kunaleta furaha.

Sababu hiyo ya pili inatufundisha kwamba rafiki hahitaji kuwa na suluhisho. Rafiki zake Ayubu walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno (Ayu 2:13). Walipokaa kimya walimfaa. Walipoanza kueleza kwa nini anateseka ndipo walipomuumiza.

Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: mzigo usioubeba wewe unauona mwepesi. Kwa hiyo chagua msikilizaji kwa uangalifu. Awe mtu anayetunza siri, asiyeharakisha kuhukumu. Anaweza kuwa dada au kaka, msimamizi wako wa ndoa, mwanajumuiya mwenzako katika Jumuiya Ndogo Ndogo, paroko, au mlezi wako wa kiroho. Mwambie mapema unachohitaji: "Sihitaji ushauri leo. Naomba unisikilize dakika kumi tu." Hata Yesu aliomba: aliwachukua Petro, Yakobo na Yohane, akawataka wakeshe naye. Walisinzia, ni kweli. Lakini hakuona aibu kuomba.

6. Kuutafakari ukweli

Kwa Tomaso, kuutafakari ukweli ndiyo furaha kubwa kuliko zote, na furaha hiyo hububujika kutoka sehemu ya juu ya nafsi hadi kwenye hisia. Hata hivyo, mwenye msongo hatafakari ukweli. Anatafakari mabaya aliyojitungia mwenyewe. Inabidi asaidiwe kurudi kwenye ukweli kwa hatua ndogo.

*Karatasi yenye safu mbili.* Upande mmoja andika "Ninachojua", upande wa pili "Ninachohofia". Tuchukue mfano wa mzazi anayedaiwa ada. Anachojua: ada ni laki tatu, mkononi ana laki moja na ishirini, muhula umebakiza wiki tano. Anachohofia: mtoto atafukuzwa, ndugu watamcheka, ataonekana mzazi mbaya. Akitazama safu ya kwanza, anaona hatua moja inayowezekana kesho: kwenda kwa mwalimu mkuu na hizo alizo nazo, na kuomba kulipa zilizobaki kwa awamu. Deni halijaisha, lakini sasa lina ukubwa wake halisi.

*Siku moja.* Yesu anatufundisha tusijisumbue kwa ajili ya kesho, maana kila siku ina taabu yake ya kutosha (rej. Mt 6:34). Mawazo yakikimbilia mwezi ujao, yarudishe hapa ulipo: taja vitu vitano unavyoviona, vinne unavyoweza kuvigusa, sauti tatu unazozisikia, harufu mbili, na ladha moja. Mungu yupo nawe mahali hapo ulipo.

*Neno moja la Mungu.* Usisome sura nzima. Zaburi ya 131 ina aya tatu tu. Mtunzi wake anaifananisha nafsi yake na mtoto aliyeachishwa kunyonya, aliyetulia kwa mama yake. Mtoto huyo hadai maziwa. Anatosheka kuwa karibu. Kaa na picha hiyo dakika tano.

7. Furaha halali

Tomaso anasema furaha ni kwa huzuni kama pumziko lilivyo kwa uchovu. Mahali pengine katika Summa hiyohiyo anasimulia habari ya kale ya Mtakatifu Yohane Mwinjili. Watu walishangaa kumkuta akicheza na wanafunzi wake. Yohane akamwambia mmoja wao aliyekuwa na upinde apige mishale kadhaa, kisha akamuuliza kama angeweza kuendelea hivyo bila kukoma. Yule akajibu kwamba upinde ungevunjika. Ndivyo ilivyo kwa nafsi isiyolegezwa kamwe.

Kwa hiyo usijihukumu kwa kufanya jambo linalokufurahisha wakati una shida: kutembea jioni, kumwagilia bustani, mazoezi ya kwaya, kusuka mkeka, kucheza mpira na watoto, kupika chakula ukipendacho. Nusu saa ya namna hiyo haimwibii mgonjwa wako wala mtihani wako kitu.

Lakini si kila furaha inaponya. Bia ya tatu, mkeka wa kubeti, na simu hadi saa nane za usiku vinatuliza kwa muda kisha vinadai riba. Pombe humlaza mtu, lakini humharibia usingizi wenyewe. Kipimo ni hiki: kesho asubuhi, jambo hili litaniacha na uwezo zaidi wa kutimiza wajibu wangu, au pungufu? Kama ni pungufu, hilo si pumziko.

8. Mipaka ya njia hizi

Kwanza, kujituliza si kumaliza tatizo. Kunampa mtu akili tulivu ya kulikabili.

Pili, yapo mateso ambayo hayatakiwi kuzoeleka. Mama anayepigwa nyumbani hahitaji kufundishwa kupumua ili avumilie, anahitaji usalama. Akimwendea padre au viongozi wa jumuiya, wamsaidie kuupata, pamoja na kufika kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi palipo na huduma hiyo.

Tatu, uonapo kwamba kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, mtu hana furaha na chochote, halali au analala kupita kiasi, hali vizuri, na anajiona hana thamani, huenda ni ugonjwa wa sonona. Aende hospitali. Akisema anatamani kufa, usimwache peke yake, usimkemee, mpeleke hospitali mara moja. Kumeza dawa ya daktari si kumkana Mungu, kama vile Eliya hakumkana Mungu kwa kula ule mkate.

9. Zoezi la wiki hii

Chagua njia mbili tu kati ya hizi tano: moja ya mwili, na moja ya moyo au akili. Zifanye kila siku kwa siku saba, kwa saa ileile, hata siku ambayo huna msongo. Njia iliyozoeleka wakati wa utulivu ndiyo inayokumbukwa wakati wa dhoruba. Siku ya saba jibu maswali haya, peke yako au katika jumuiya:

1. Ninapobanwa, mwili wangu hunipa dalili gani ya kwanza?
2. Ni kitu gani ninachokimbilia kunituliza, na asubuhi yake huniacha katika hali gani?
3. Ni nani ninayeweza kumwomba dakika kumi za kunisikiliza? Na je, kuna mtu anayezihitaji kutoka kwangu?
4. Je, nimewahi kumwambia mwenzangu aliyetetemeka kwamba hana imani? Leo ningemwambia nini?

Tusali: Ee Bwana Yesu, uliyelala mashuani, ukalia kaburini, na kutetemeka bustanini, utufundishe kuipokea miili yetu kama zawadi yako. Uwape usingizi wanaokesha kwa hofu, na utufanye sisi kuwa marafiki wanaokesha nao. Amina.